Saa 750 si tatizo, tatizo ni ile nusu

Kila Februari, karatasi za mishahara zikishaanza kuingia kwenye masanduku ya barua, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wauguzi, madereva wa malori, vijana wa kompyuta: Watanzania, Wakenya na Wakongomani wa hapa Ohio, na wengine wa Texas na Minnesota, watu waliojibana mpaka wakapata nyumba moja au mbili za kupangisha. Swali lao halibadiliki. Wamesikia kwamba ukifanya kazi saa 750 kwa mwaka kwenye nyumba zako, Mamlaka ya Kodi ya Marekani, yaani IRS, inakuhesabu kuwa mtaalamu wa mali isiyohamishika, halafu hasara ya nyumba inapunguza kodi ya mshahara. Je, ni kweli?

Ni kweli, ila wameambiwa sharti moja kati ya mawili, tena lile jepesi.

Mimi si mhasibu, na mtu asije akajaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kwa kusoma blogu. Mimi ni mwenye nyumba. Tuna dabo nne na nyumba moja ya peke yake mjini Columbus, mitaa ya Linden na Hilltop. Dabo, kwa asiyeijua Columbus, ni nyumba mbili za kale zinazochangia ukuta wa kati, kila upande una mlango wake, ngazi zake na kibaraza chake. Mke wangu ni muuguzi hospitalini. Mshahara wake ndio unaotuletea bima ya afya na ndio unaokatwa kodi nzito. Mimi nilikuwa ghalani, nikaacha, sasa kazi yangu ni hizo nyumba. Tangu hapo ritani zetu tunazipeleka kwa hadhi hiyo ya mtaalamu wa mali isiyohamishika, na mambo ninayoandika hapa ndiyo ninayoishi nayo mwaka mzima.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi: nyumba inayoingiza pesa inawezaje kuwa na hasara? Chukua nyumba iliyonunuliwa dola 240,000. Ardhi haichakai, kwa hiyo toa 40,000 za kiwanja, jengo linabaki na thamani ya 200,000. Sheria inasema nyumba ya makazi inachakaa kwa miaka 27.5, hivyo kila mwaka unaruhusiwa kuandika uchakavu wa takriban dola 7,273, hata kama nyumba yenyewe imepanda bei. Pango ni 2,200 kwa mwezi, yaani 26,400 kwa mwaka. Riba ya mkopo, kodi ya jengo, bima na matengenezo vimekula 22,600. Mfukoni zimebaki 3,800. Kwenye ritani, ukitoa uchakavu, una hasara ya 3,473. Pesa umepokea, na karatasi inasema umepoteza, na yote mawili ni halali kabisa.

Sasa hiyo hasara iende wapi? Hapo ndipo historia inapoingia, na bila historia masharti yote yanaonekana kama ukorofi mtupu. Kabla ya 1986 madaktari na wanasheria wa Marekani walikuwa wakinunua hisa katika ubia wa majengo ambayo hawajawahi hata kuyaona. Ubia ulitengenezwa kwa ajili ya kuzalisha hasara za karatasi, na daktari akazitumia kufuta kodi ya mshahara wake. Sheria ya mageuzi ya kodi ya 1986, iliyotiwa saini na Rais Reagan mwezi Oktoba mwaka huo, ikaleta Kifungu cha 469. Biashara usiyoifanyia kazi kwa mkono wako ikaitwa pasivu, na hasara ya pasivu ikaruhusiwa kufuta mapato ya pasivu tu, isiguse mshahara. Na ili pasiwe na mjadala, upangishaji wa nyumba wote ukatangazwa kuwa pasivu, uwe unaamka alfajiri kuziba mabomba au umelala Hawaii.

Waliopiga kelele ni watu ambao majengo ndiyo kazi yao ya kila siku. Kinyozi akipata hasara anaitoa kwenye mapato yake mengine. Kwa nini anayekesha na nyumba za kupangisha anyimwe? Bunge likawasikia mwaka 1993, enzi za Clinton, na kuanzia mwaka wa kodi wa 1994 ukafunguliwa mlango mdogo wenye vizingiti viwili. Kumbuka umefunguliwa kwa ajili ya nani: mtu ambaye majengo ndiyo kazi yake. Ukiliweka hilo kichwani, kila sharti linalofuata linaeleweka.

Kabla ya vizingiti, kuna ruhusa ndogo ambayo wengi wanaopiga simu wanaihitaji zaidi kuliko hadhi yoyote. Ukiwa unashiriki kuamua mambo ya nyumba yako, kama vile kumkubali mpangaji, kupanga bei na kuidhinisha matengenezo, unaweza kutoa hasara ya hadi dola 25,000 dhidi ya mshahara bila kuwa mtaalamu wa chochote. Ila mapato yenu yakipita dola 100,000, ruhusa hiyo inapungua senti 50 kwa kila dola, na yakifika 150,000 imekwisha. Viwango hivyo viliwekwa 1986 na havijapandishwa pamoja na bei za vitu. Wakati ule 150,000 ilikuwa pesa ya kitajiri. Leo wauguzi wawili wenye shifti za ziada wanaipita kabla ya Novemba.

Kwa hiyo mwenye mapato ya 90,000 na nyumba moja yenye hasara ya 3,473 aniache nipumzike. Hasara yake inakubalika yote. Wenye shida ni waliopita 150,000, ambao hasara zao zinaandikwa kwenye Fomu 8582 na kuwekwa kando. Na hata hizo hazipotei: zinakungoja, mwaka hadi mwaka, mpaka upate faida ya pasivu au uuze nyumba kabisa. Nimekutana na watu waliokosa usingizi wakidhani serikali imewala. Haijawala.

Sasa vizingiti. Cha kwanza ndicho wanachokijua wote: zaidi ya saa 750 kwa mwaka katika kazi za mali isiyohamishika. Ukigawa kwa wiki ni kama saa 14 na nusu. Mtu mwenye nyumba tatu chakavu anazifikisha bila hata kujua. Cha pili ndicho kinachoangusha watu: zaidi ya nusu ya saa zote ulizofanya kazi mwaka huo, kazi yoyote ile, ziwe za mali isiyohamishika.

Mwaka jana alinipigia dada mmoja wa Dallas, muuguzi, mtu makini sana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada, habari za huko?"

"Salama tu. Kaka, mimi hizo saa 750 nazimaliza. Nyumba nne nazisimamia mwenyewe, na risiti ninazo."

"Sina shaka. Wodini unafanya saa ngapi?"

"Shifti tatu kwa wiki, za saa kumi na mbili."

"Hizo ni 36. Kwa mwaka ni 1,872. Sasa na za nyumba zinatakiwa ziwe zaidi ya 1,872."

Akanyamaza. Nikasikia kikokotoo cha simu kikigongwa. Ukijumlisha pande zote mbili unapata zaidi ya saa 3,744, ambayo ni zaidi ya saa 10 kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo, bila homa, bila msiba, bila kwenda nyumbani. Mwenye ajira ya saa 40 kwa wiki ndiyo kabisa. Sheria haijasema muuguzi hawezi. Imesema tu atakayesema ameweza atamweleza jaji alilala lini.

"Shemeji anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anaendesha Uber, akijisikia."

"Basi mwenye kustahili ni yeye, si wewe."

"Huyo? Huyo hata kubadilisha taa ananisubiri mimi nirudi."

Tulicheka, lakini jibu ndilo hilo. Wanandoa wanaojaza ritani pamoja wanahitaji mmoja tu wa kuvuka vizingiti vyote viwili, na lazima avivuke peke yake. Hamruhusiwi kuchanga saa, huyu 400 na yule 400. Mmoja akishavuka, hasara inaingia kwenye ritani ya wote na inapunguza kodi ya mshahara wa mwingine. Uber yake nayo ni kazi, inahesabiwa upande ule mwingine: akiendesha saa 900 kwa mwaka, za nyumba zinatakiwa zipite 900. Akiendesha 300, zinatakiwa zipite 750 zilezile.

Ndiyo maana nasema hadhi hii ni ya aina fulani ya kaya. Kaya yenye mshahara mmoja mnono na mtu wa pili ambaye kweli, bila kuigiza, kazi yake ni nyumba. Kwetu ilikaa hivyo kwa sababu za watoto na gharama za kuwalea, kodi ilikuja baadaye kama bahati njema. Kaya ambayo wote wawili wako shifti, na anayeuza semina hotelini anawaambia mtaalamu ni yeyote mwenye kalenda, inanunua matatizo kwa bei ya tiketi.

Kazi zinazohesabika zimetajwa na sheria yenyewe, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: kuendeleza, kujenga, kujenga upya, kununua, kubadilisha matumizi, kupangisha, kuendesha, kusimamia na udalali ni baadhi yake. Dalali anayejitegemea, saa zake za kuuza nyumba za watu zinahesabika. Lakini fundi aliyeajiriwa na kampuni ya ujenzi kwa mshahara, hata akishinda juu ya mapaa mwaka mzima, saa zake hazihesabiki kwake mpaka awe na zaidi ya asilimia 5 ya kampuni hiyo. Nimelazimika kuwaambia mafundi wawili watatu jambo hili na hakuna aliyelipenda. Leseni, kwa upande mwingine, haitakiwi. Hakuna cheti, hakuna mahali pa kujisajili. Ni hali unayoithibitisha upya kila mwaka, na kwenye Jedwali E, karatasi ya mapato ya pango ndani ya ritani, kuna mstari wa 43 mahususi kwa watu wa namna hii. Mwaka mmoja unaweza kuwa mtaalamu, unaofuata usiwe.

Na huko kuthibitisha ndiko kwenye kazi.

Kanuni hazidai daftari la kila siku. Zinasema njia yoyote ya busara ya kuonyesha saa zako inakubalika: kalenda, shajara, muhtasari. Watu wakisoma hapo wanafurahi, wanakaa Machi mwaka unaofuata na kujaza kalenda kwa kumbukumbu. Mahakama ya Kodi imelishughulikia hilo mara nyingi, na msimamo wake ni kwamba njia za busara haziruhusu makisio ya jumla yanayotungwa baada ya mambo kupita. Kuna kesi ya 2010 ya mwajiriwa wa kinu cha umeme wa nyuklia aliyekuwa na nyumba za kupangisha. Saa zake zilizoandikwa hazikufika 750, akaomba zijazwe na muda aliokuwa tayari kuitwa na wapangaji wakati wowote. Mahakama ikakataa: kuwa tayari kufanya kazi si kufanya kazi. Hata mwenye simu iliyo wazi usiku kucha anahesabiwa dakika alizoinuka kitandani tu.

Daftari langu ni la karatasi, la jalada gumu, linakaa kwenye gari. Ngoja ninakili asubuhi moja ya Desemba kama ilivyo: "Saa 1:10 hadi 3:50. Linden, upande wa kushoto. Tangi la maji ya moto limevuja chini. Nimefunga gesi, nimemwaga maji kwa mpira hadi bombani, nimekausha sakafu ya chini ya ardhi. Fundi bomba kesho. 3:50 hadi 5:05, dukani, feni mbili na vali. 5:30 hadi 6:15, kumfungia mpangaji feni, kumweleza kuhusu maji." Hiyo ni saa nne na dakika arobaini, maana zile dakika ishirini na tano kati ya dukani na nyumbani sikuziandika, nilisimama kunywa chai. Risiti ya feni ina saa yake imechapwa. Ujumbe wa mpangaji wa alfajiri, "Boss, basement ina maji," uko kwenye simu pamoja na picha. Daftari, risiti na ujumbe vinaposema kitu kimoja, mkaguzi hana pa kuingilia.

Sasa linganisha na kalenda nilizoonyeshwa na ndugu mmoja: "Jumatatu, usimamizi wa nyumba, saa 4. Jumanne, usimamizi wa nyumba, saa 4." Mwaka mzima, mpaka siku ambazo pasipoti yake inaonyesha alikuwa Dar es Salaam kwenye harusi ya mdogo wake. Nilimshauri asiipeleke popote.

Zipo saa ambazo mimi naziandika kwa rangi tofauti, ili zikikatwa nibaki salama. Kupitia taarifa za benki usiku, kupanga hesabu, kulinganisha faida: hizo kanuni zinaziita kazi za mwekezaji, na hazihesabiki kama hujahusika moja kwa moja na uendeshaji wa kila siku. Mimi nahusika, kwa hiyo nina hoja, lakini sizitegemei zinivushe 750. Kozi, vitabu, kuangalia video za YouTube, kuperuzi nyumba zinazouzwa hali umelala kwenye kochi, usiziweke kabisa. Na kuendesha gari kutoka nyumbani kwako hadi kwenye nyumba yako? Watu wamebishana na wakaguzi kwa sababu ya barabara. Fikisha saa zako bila barabara.

Kuna kizingiti cha tatu kimejificha, nacho ndicho kinachowaumiza hata wanaostahili. Ukishakuwa mtaalamu, upangishaji wako hauitwi tena pasivu moja kwa moja, lakini bado lazima uonyeshe kwamba umeshiriki kwa dhati katika kila nyumba. Kila nyumba peke yake! Njia za kuonyesha ni saba. Zinazotumika zaidi ni saa zaidi ya 500, au saa zaidi ya 100 ambazo hazipitwi na za mtu mwingine yeyote, au kwamba kazi karibu yote umeifanya wewe. Mwenye nyumba tano na saa 800 zilizogawanyika sawasawa hana nyumba hata moja iliyopata 500. Atasema ana zaidi ya 100 kwa kila moja, lakini ile iliyofumuliwa jikoni na bafuni na fundi mmoja aliyekaa humo wiki sita imeshapitwa. Na aliyemkabidhi wakala asimamie kila kitu ndiye hana lolote.

Dawa yake ni karatasi moja. Unaambatisha kwenye ritani tamko la kwamba wewe ni mlipakodi unayestahili na unachagua kuzihesabu nyumba zako zote za kupangisha kuwa shughuli moja. Basi. Baada ya hapo saa 500 za jumla zinatosha kwa zote, na hapa saa za mwenzi wako zinaruhusiwa kuongezwa. Wale wawili ambao hawakuweza kuchangiana katika 750 sasa wanachangiana. Kujaza nyumba zote kwenye Jedwali E moja hakumaanishi umeziunganisha. Watu wenye saa za kweli na madaftari ya kweli wameshindwa mahakamani kwa sababu karatasi hiyo haikuwemo. IRS ilitoa utaratibu wa 2011 wa kuiwasilisha kwa kuchelewa kwa wale wanaotimiza masharti yake, lakini kuomba kuchelewa hali ukaguzi umeshabisha hodi ni roho juu. Muulize mhasibu wako sentensi moja: tamko la kuunganisha liko wapi? Akikutazama kama umemsemesha Kigiriki, tafuta mwingine.

Tamko hilo lina bei, nami nitaifikia.

Kinachowavuta watu siku hizi si ile hasara ya 3,473. Ni kuigawa nyumba vipande. Unamlipa mtaalamu aandike ripoti inayotenganisha mazulia, makabati, vyombo vya jikoni, uzio na lami, ambavyo sheria inavipa maisha mafupi ya miaka 5 au 15, na jengo lenyewe linalobaki na miaka yake 27.5. Vya maisha mafupi vinaweza kuandikwa uchakavu wote mwaka wa kwanza. Ruhusa hiyo ilikuwa imeanza kushuka, asilimia 80 mwaka 2023, 60 mwaka 2024, lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ikairudisha kuwa asilimia 100 kwa mali iliyopatikana baada ya tarehe 19 Januari 2025. Ile nyumba ya mfano, tuseme vipande vyake ni 40,000 kati ya 200,000. Hasara ya mwaka wa kwanza inaruka kutoka 3,473 hadi takriban 42,000. Kwa wanandoa wenye mapato ya 185,000, walio kwenye ngazi ya asilimia 22, hiyo ni zaidi ya dola 9,000 za kodi. Kwa asiye na hadhi, ni 42,000 zilizowekwa kando pamoja na wenzake kwenye Fomu 8582, na ripoti ameilipia.

Mlango mwingine upo kwa wenye ajira, na dada wa Dallas nilimweleza huo. Nyumba ambayo wageni wanakaa kwa wastani wa siku 7 au pungufu, zile za wapita njia, kikanuni haiitwi upangishaji kabisa. Kwa hiyo haihitaji ile nusu. Inahitaji ushiriki wa dhati tu: zaidi ya saa 100 na zisizopitwa na za mtu mwingine, kwa mfano. Hapo adui ni msafishaji. Mama anayefua mashuka na kupiga deki baada ya kila mgeni anaweza kufikisha saa 200 kwa mwaka, na wewe mwenye nyumba ukabaki na 120 zako zisizo na faida. Na upande wa pili, saa za nyumba hiyo huwezi kuzihamishia kwenye zile 750 za mwenzio kana kwamba ni za upangishaji.

Wapo pia wanaouliza kuhusu nyumba za nyumbani, ile ghorofa ya Kigamboni au vyumba vya kupanga vya Thika. Aliye raia wa Marekani au mkazi wa kudumu anatozwa kwa mapato ya dunia nzima, kwa hiyo pango la Kigamboni linaingia kwenye Jedwali E lilelile, na kodi ya mapato uliyolipa TRA au KRA inaweza kupunguza unayodaiwa huku. Uchakavu wake ni wa miaka 30 kwa makazi yaliyoanza kupangishwa kuanzia 2018, na ule wa mara moja haupo. Ila saa? Saa amezifanya mjomba anayekusanya pango na kugombana na fundi umeme. Simu zako za Jumapili za kumuuliza mjomba hali ya choo ni haki yako kuziandika, lakini hazitakufikisha mbali.

Turudi kwenye bei. Uchakavu ulioula leo unakudai siku ya kuuza. Sehemu ya jengo inatozwa hadi asilimia 25, na ile ya mazulia na makabati uliyoimeza mwaka wa kwanza inatozwa kama mapato ya kawaida. Unaweza kuahirisha kwa kubadilisha nyumba na nyumba chini ya Kifungu cha 1031. Unaweza pia kufa nayo, maana warithi wanaipokea kwa thamani ya soko ya siku hiyo na deni la uchakavu linazikwa na marehemu. Wazee wa Columbus wenye dabo kumi kumi hawauzi, na si kwa sababu wanazipenda.

Na tamko la kuunganisha lina lake: likishawekwa linakufunga miaka yote inayofuata, labda hali zako zibadilike sana. Nyumba zikiwa shughuli moja, kuuza moja si kuuza shughuli. Hasara za zamani zilizokuwa zinangoja, za miaka ile kabla hujastahili, hazifunguki kwa mkupuo kama ambavyo zingefunguka nyumba ingekuwa peke yake. Zinaendelea kungoja faida ya kundi.

Hili si la nadharia kwetu. Dabo ya Hilltop tuliinunua nikiwa bado ghalani, na ina hasara za miaka hiyo zimekaa kwenye Fomu 8582. Mke wangu anataka iuzwe kabla haijadai paa jipya. Mhasibu ametupigia hesabu mbili, ya kuuza na ya kubadilisha kwa 1031, na ya kuuza inauma zaidi kwa sababu ya lile tamko. Mimi niko upande wa kubadilisha. Wiki ijayo wanakuja mafundi wawili wa paa kutoa bei, na saa za kuwapandisha ngazi nitaziandika.